Orkestra Ije Mtaani: Mwongozo wa Kuandaa Matamasha Matatu ya Jamii Mjini Tabora

Tabora ni mji wa muziki tangu zamani. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka hapa, na Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo walijulikana nchi nzima. Mpaka leo, Jumamosi mchana utapishana na kirikuu cha harusi kimebeba vijana wa tarumbeta, na ikifika jioni kwaya zinafanya mazoezi kila upande wa mji. Lakini fidla, tarumbeta, kinanda na sauti nne kukaa pamoja mahali ambapo mama muuza nyanya, mwanafunzi na mzee anayetoka msikitini wote wanaweza kuketi wakasikiliza, hilo bado ni jambo la nadra.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha namna hiyo: watu 20 hadi 40, wengi waimbaji wa kwaya na wapiga tarumbeta, wachache wa vyombo vya nyuzi, mnaotaka kuupigia mji muziki bila kiingilio. Ushauri wangu mkuu nautoa mapema: uacheni uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kwa ajili ya mpira. Uwanja ule unameza fidla kumi kama hazipo, mtalazimika kukodi spika, na mkishakodi spika bajeti yote imekwisha. Fanyeni matamasha matatu madogo katika kata tatu, mkiacha wiki mbili kati ya moja na jingine. Kikundi kitakuwa kimekomaa kufikia la tatu, na watu wa kata ya pili watakuwa wameshasikia habari zenu kwa bodaboda kabla hamjabandika karatasi hata moja.

Hatua ya 1: Siku na saa kwanza, nyimbo baadaye

Wanamuziki wana tabia ya kuanza na nyimbo. Anzeni na kalenda. Mvua za Tabora huanza mnamo Novemba na kwisha Aprili. Tamasha la nje katika miezi hiyo ni bahati nasibu, na la ndani lina shida yake, maana mvua ikipiga kwenye bati hata tromboni nne hazisikiki. Msimu wenu ni Mei hadi Oktoba, na ndani ya msimu huo mimi ningechagua Juni na Julai, jua halijawa kali. Septemba na Oktoba joto hupanda na hewa hukauka kiasi cha kupasua ubao wa fidla, hilo nitalirudia.

Siku inayofaa ni Jumapili alasiri. Jumamosi mnawakosa Wasabato mpaka jua lizame, na vijana wa tarumbeta wako harusini, ambako ndiko wanakolipwa, msiwalaumu. Angalieni pia Ramadhani na Kwaresima, Saba Saba, Nane Nane, na ratiba ya Ligi Kuu. Siku Simba na Yanga wanakutana, hata mkiileta orkestra kutoka Vienna mtavipigia viti vitupu.

Saa ndiyo yenye hesabu. Tabora iko magharibi ya nchi, kwa hiyo jua letu huchelewa kuzama kuliko la Dar es Salaam: Juni ni karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Adhana ya Magharibi inafuata jua. Alasiri nayo, wenye kuswali jamaa huwa wamemaliza kufikia saa kumi na nusu. Katikati ya swala hizo mbili mna dirisha la saa mbili na zaidi kidogo. Anzeni saa kumi na nusu kamili, mmalize kabla ya saa kumi na mbili, na hapo kila mtu anapata muda wa kufika nyumbani au msikitini. Jambo hili ni adabu, na pia ni akili: tarumbeta inayolia juu ya adhana itawapotezea mtaa mzima kwa siku moja. Mkiandika kwenye tangazo saa kumi na nusu, anzeni saa kumi na nusu, hata kama mbele yenu wako watoto kumi na mbuzi. Watakaochelewa mara ya kwanza watawahi mara ya pili.

Hatua ya 2: Tafuteni ukuta wa mashariki

Hapa ndipo vikundi vingi huharibikiwa. Hutafuta nafasi kubwa ya wazi, wakati muziki usio na spika unahitaji ukuta nyuma yake. Sauti ya fidla hutawanyika kila upande. Ukuta mgumu wa tofali au saruji ulio mita mbili au tatu nyuma ya wapigaji huirudisha kwa wasikilizaji. Bila ukuta, mtu aliyekaa safu ya tano anaona mikono ikienda na kurudi lakini hasikii kitu.

Sasa unganisheni hilo na jua. Alasiri jua liko magharibi, kwa hiyo kivuli cha jengo huangukia mashariki. Wapigaji wakikaa upande wa mashariki wa jengo refu, migongo ukutani, wao na safu za mbele za wasikilizaji wote wako kivulini, na hakuna kati yao anayetazama jua usoni. Shule nyingi zina jengo la madarasa lililokaa hivyo, na kumbi za makanisa pia. Nendeni kwenye eneo mnalolifikiria saa kumi na nusu yenyewe, si asubuhi, mkaone kivuli kinafika wapi.

Miembe yetu ni mizuri kwa wasikilizaji, hasa wazee, lakini msiwaweke wapigaji chini yake. Majani hunyonya sauti, na ndege hawana heshima kwa nota wala kwa shati jeupe.

Mkishapata eneo, pimeni kwa masikio. Mmoja apige fidla polepole ukutani pale, mwingine arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka aanze kuipoteza. Hapo ndipo safu ya mwisho. Kwa kawaida haizidi mita 15. Zaidi ya hapo watu watasikia tarumbeta tu, na watakwenda kusema orkestra ni tarumbeta.

Kwa tamasha la kwanza chagueni shule. Kuna ukuta, kuna viti, kuna choo, na watoto ndio wasikilizaji wasio na makuu. La pili lifanyeni kwenye kata yenye watu wengi, Ng'ambo au Isevya kwa mfano, kwenye ukumbi au uwanja wa taasisi inayowakubali. La tatu mnaweza kulipeleka pembeni ya mji, Ipuli au zaidi ya hapo. Kama mnataka kwenda hospitali ya Kitete kuwapigia wagonjwa, hilo ni jambo jema, lakini lina kanuni zake: wapigaji wanne au watano tu, nyuzi na sauti laini, ruhusa ya uongozi wa hospitali kwa maandishi, na tarumbeta zibaki nyumbani.

Hatua ya 3: Barua

Andikeni barua fupi, ukurasa mmoja: kikundi ni nani, mnataka kufanya nini, wapi, lini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, mnategemea watu wangapi, kiingilio ni bure, na nani atajibu simu. Ipitisheni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, kisha kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa. Polisi nao wapate taarifa mapema, maana mkusanyiko ni mkusanyiko hata kama unapiga muziki wa Mozart. Vikundi vya sanaa husajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mkiwa bado, Afisa Utamaduni ndiye wa kumuuliza utaratibu, na ni vizuri mkamuuliza miezi miwili kabla badala ya siku mbili kabla.

Barua ya shule iende kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, na mtamke kabisa kwamba hakuna mahubiri wala siasa. Mtashangaa milango inavyofunguka mkishaandika sentensi hiyo.

Kila barua iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya tamasha nakala hizo zikae kwenye bahasha moja kwa mtu mmoja asiyepiga chombo chochote. Akija mgambo au askari kuuliza, mazungumzo yafanyike pembeni huku muziki ukiendelea.

Hatua ya 4: Kukusanya wapigaji

Tarumbeta mtazipata. Kanisa la Moravian lina desturi ya bendi za upepo, na vijana wa harusini, hata wale wasiosoma nota, wana pumzi na masikio ambayo wasomaji wengi hawana. Mwekeni msomaji mmoja kati ya wawili wasiosoma. Watajifunza kwa kusikia kwa haraka msiyoitarajia.

Nyuzi ndizo ngumu. Msisubiri mpaka mpate fidla kumi. Fidla tatu na selo moja (fidla kubwa ya sauti nene) zinatosha kuanza, mradi kinanda kizibe pengo la sauti za kati. Kule Kinshasa, orkestra ya kanisa la Kimbangu iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, ilianza na watu wasio wataalamu waliopokezana fidla chache. Uzi ulipokatika waliwahi kutumia waya wa breki ya baiskeli. Leo ina mamia ya wapigaji na waimbaji. Nawatajia habari hii kwa ajili ya kule kupokezana. Waya wa breki uacheni, utakata mkia wa fidla na vidole pia.

Ngoma za hapa msizisahau. Wapiga manyanga wawili wakikaa pembeni ya orkestra, wasikilizaji wanaacha kuona kitu cha wageni. Sharti ni moja: hapo mwongozaji aufuate mkono wa ngoma, asijaribu kuivuta ngoma iufuate ufito wake. Mpiga manyanga hatazami karatasi, na mapigo mawili juu ya matatu kwake ni kupumua tu. Fidla ndizo zifanye mazoezi zaidi.

Hatua ya 5: Nota, na ugomvi wa Do

Kwaya zetu zinasoma solfa, yaani do, re, mi. Tarumbeta na fidla zinasoma mistari mitano. Mtu mmoja mvumilivu akae na kompyuta aandike kila wimbo kwa njia zote mbili. Programu ya MuseScore haina malipo, na itamsaidia pia kuhamisha sauti kutoka chombo hadi chombo. Kwa nyimbo za kwaya za Kikatoliki, mtandao wa Swahili Music Notes una hazina kubwa ya nota za watunzi wetu wenyewe.

Kisha mkubaliane Do iwe wapi, yaani ianzie nota ipi. Tarumbeta nyingi tunazopiga ni za B bemoli (bemoli hushusha nota nusu sauti, diezi huipandisha): mpigaji akisoma C, inayotoka ni B bemoli. Maana yake kwaya ikisema Do ni G, mpiga tarumbeta anasoma A yenye diezi tatu, na ikisema Do ni D anasoma E yenye diezi nne, na hapo ndipo wanaoanza hukunja uso. Fidla kwa upande wao wanapenda D, G na A, kwa sababu nyuzi zao zimefungwa huko. Kwa hiyo kila upande unavuta kwake. Baada ya kuona ugomvi huu katika kwaya nyingi, mimi naipendekeza Do ya F: fidla wanapata bemoli moja tu, tarumbeta wanasoma G yenye diezi moja, na sauti ya kwanza haipigi kelele. Do ya B bemoli ni nzuri zaidi kwa tarumbeta, na fidla wataivumilia. Kinanda kisiguse kile kitufe cha kuhamisha sauti katikati ya tamasha. Mpigaji ajifunze kupiga F kwa vidole vyake.

Hakimiliki msiipuuze. Kazi za watunzi wa kale wa Ulaya kama Handel, aliyefariki mwaka 1759, au Mozart, aliyefariki 1791, hazina tena wa kudai. Lakini mtu aliyezipanga upya mwaka juzi ana haki juu ya mpangilio wake, kwa hiyo angalieni chini ya karatasi pameandikwa nini. Mkitaka kupanga wimbo wa bendi ya zamani ya hapa Tabora kwa ajili ya fidla, na mimi natamani sana mfanye hivyo, zungumzeni kwanza na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na mkiweza na familia ya mtunzi. Magitaa mawili ya muziki wa dansi yanayojibizana yanakaa vizuri mno kwenye fidla ya kwanza na ya pili, kana kwamba yalitungwa kwa ajili yake.

Hatua ya 6: Programu ya saa moja na dakika kumi

Msizidishe. Msikilizaji wa mara ya kwanza, aliyekaa kwenye mkeka, hana deni la kuvumilia simfoni nzima, utungo mrefu wa orkestra wa dakika 40. Vipande viwe vya dakika tatu hadi sita, na mapumziko ya katikati yafuteni, kwa sababu watu wakiinuka kununua karanga hawarudi.

Fungueni bila hotuba. Tarumbeta tatu zianze kupiga kutoka nyuma ya watu, zitembee kwenda mbele, na wote watageuka na kunyamaza wenyewe. Baada ya hapo kwaya na vyombo vyote wapige wimbo ambao kila mtu anaujua. Kisha ndiyo mshereheshaji aseme karibuni, dakika mbili tu.

Kipande cha tatu ndicho mtaji wenu: kuvitambulisha vyombo. Mshereheshaji amwite mpigaji mmoja mmoja, kila mmoja apige sekunde 30 za kitu kinachoonyesha tabia ya chombo chake. Selo ipige chini kabisa, fidla ipande juu, tromboni ivute mkono wake mrefu, watoto watacheka na kicheko hicho mkiache kiende. Halafu wapige wote pamoja wimbo uleule ambao kila mmoja alionja kipande chake. Wa kutumia hapa ni ule wa furaha katika simfoni ya tisa ya Beethoven, uliosikika mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824. Karibu wote unapanda na kushuka ngazi kwa ngazi: m m f s, s f m r, d d r m, m r r. Mtoto wa darasa la tano anaushika mara moja, na anayeanza fidla anaupiga bila kuhama mahali pa mkono. Waimbisheni watu kwa solfa hiyohiyo. Wanakwaya waliokaa katikati ya wasikilizaji watawabeba wengine.

Kuhusu nyimbo za dini. Haleluya ya Handel, kutoka kazi iliyopigwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, kwaya nyingi zinaijua kwa moyo, na itawajia wenyewe kichwani. Pigeni, ni muziki mkubwa. Lakini mkiweka tenzi nne mfululizo mbele ya mtaa wenye msikiti na kanisa, tamasha la pili mtawaona waumini wenu tu. Wekeni moja, izungukeni na muziki wa dansi, ngoma, na vipande visivyo na maneno. Taarabu nayo ina nafasi: fidla, selo na besi kubwa zimekuwa ndani yake Zanzibar kwa miaka mingi, na kundi la taarabu la Nadi Ikhwan Safaa limekuwepo tangu 1905. Mzee wa Kanyenye anayedhani fidla ni mambo ya Wazungu atatulia akisikia wimbo wa kwanza tu.

Malizeni kwa kitu cha haraka chenye manyanga. Mkiombwa kurudia, rudieni hichohicho.

Hatua ya 7: Mazoezi

Wiki nane zinatosha. Wiki tatu za kwanza kila kundi lifanye peke yake: nyuzi, upepo, kwaya. Wiki ya nne wakutane. Wiki mbili za mwisho mazoezi yawe nje, kwenye ukuta ule, saa ileile ya tamasha. Sababu si mazoea tu. Joto likipanda, tarumbeta hupanda sauti na nyuzi hulegea zikashuka. Orkestra iliyolingana vizuri ukumbini asubuhi itajikuta imeachana alasiri. Kinanda hakibadiliki, kwa hiyo wote walinganishe A yao na kinanda dakika tano kabla ya kuanza, na tena baada ya kipande cha tatu bila kuona aibu. Mshereheshaji awaambie watu kinachofanyika. Watapenda kujua.

Kwenye ukaaji, fidla wawe mbele, mkono wa kushoto wa mwongozaji, ili matundu ya fidla yatazame wasikilizaji. Selo mkono wa kulia. Kwaya nyuma yao kwenye mabenchi. Tarumbeta mwisho kabisa pembeni, wakielekeza midomo ya vyombo kwa pembeni na si kwenye visogo vya wenzao. Mpiga tarumbeta mmoja mwenye afya anafunika fidla nane. Mwambieni hivyo mapema, na kwa upole, maana huko harusini amezoea kushindana na honi za magari.

Hatua ya 8: Kuvitunza na kuvisafirisha vyombo

Ukame wa Tabora ni adui wa mbao. Kuanzia Agosti hewa ni kavu, gundi ya fidla huachia na ubao hupata ufa. Dawa ni rahisi: chukueni kisanduku cha sabuni chenye matundu, ndani yake wekeni sponji iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri, kikae ndani ya kasha la fidla bila kugusa ubao. Sponji ikikauka, ilowesheni tena. Kamwe chombo kisiachwe ndani ya gari juani, hata kwa dakika za kununua vocha. Mkimaliza kupiga, legezeni uta.

Tarumbeta ina matatizo yake, mengi yakiletwa na mate na vumbi. Vali ziwekwe mafuta yake yenyewe. Mafuta ya kupikia yanaganda.

Usafiri: fidla na tarumbeta zinapanda bajaji na wenyewe. Selo, besi, tuba na ngoma kubwa zipakieni kwenye kirikuu, juu ya magodoro, mtu akae nazo nyuma. Guta linafaa kwa viti na mabenchi, si kwa selo, kwa jinsi barabara za ndani zinavyorusha. Mkialika wapigaji kutoka Kigoma, treni huwaleta, ni safari ya kama kilomita 400, lakini wapangieni wafike siku moja kabla. Treni ya mchana wa tamasha msiiwekee dau.

Stendi za nota mwambieni fundi wa kuchomelea azitengeneze kwa nondo nyembamba na bati. Zitakuwa nzito, na uzito huo ni faida kwa sababu ya upepo. Vitu vifuatavyo viwe kwenye begi moja, na begi liwe na mwenyewe: vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, viwili kwa kila stendi; nyuzi za ziada, hasa E ya fidla; rozini ya kupaka uta; mafuta ya vali; penseli; nakala mbili za nota zote; betri za kinanda kama kinazikubali, maana umeme wa TANESCO hauna miadi na ninyi. Jenereta likilazimu, likae nyuma ya jengo, upande wa pili wa ukuta wenu.

Hatua ya 9: Tangazo

Karatasi ya A4 kwenye maduka, saluni na vijiwe vya bodaboda inatosha, ikiandikwa vyombo vitakavyopigwa, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, na neno BURE kubwa. Pelekeni taarifa hiyohiyo kwenye redio za hapa mjini, kisha mwende wenyewe na fidla moja na tarumbeta moja mpige studioni. Dakika mbili za sauti zinashinda tangazo la kusomwa. Waombeni maimamu na wachungaji wa kata ile wawatangazie waumini wao. Siku mbili kabla, watangazieni wanafunzi wa shule za karibu, na mjue kwamba mama zao wameshapata habari jioni hiyohiyo.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fikeni saa nane. Tandikeni mikeka mbele kwa watoto, viti vya plastiki nyuma, na viti kumi vya pembeni kivulini muwawekee wazee, wasije wakafika wakakuta vimekaliwa. Wageni rasmi wakae na watu. Mkiweka meza yenye kitambaa na maji ya chupa, mtalazimika kumpa kila aliyeketi pale nafasi ya kuzungumza, na muda wenu ni mfupi.

Wekeni watu wanne wenye sauti ya upole kati ya watoto. Watoto watapiga makofi katikati ya kipande, na wakubwa pia. Waacheni. Desturi ya kunyamaza mpaka mwisho wa kipande chote hata huko Ulaya haikuwepo enzi za Mozart mwenyewe.

Mkimaliza, kabla ya saa kumi na mbili, wapeni watoto dakika 15 za kushika vyombo. Wapange mstari, mpigaji ashike shingo ya fidla na mtoto avute uta. Kwa tarumbeta, tumieni kipande cha kupulizia cha ziada, kilichofutwa kwa spiriti kila baada ya mtoto mmoja. Bila hivyo msiruhusu, mafua yatazunguka kata nzima. Mtu mwenye daftari aandike majina ya watoto wanaotaka kujifunza pamoja na namba za simu za wazazi. Ndani ya daftari hilo mna fidla zenu za miaka mitano ijayo.

Kapu la mchango wa hiari likae mlangoni, na mwenye kapu asizungushe kwa watu. Fedha zihesabiwe na watu wawili palepale, ziandikwe, na kiasi kitangazwe kwa kikundi usiku huohuo. Nauli za wapigaji zilipwe kwanza. Kesho yake rudisheni viti, fagieni eneo, na mpelekeeni mtendaji na mwalimu mkuu barua ya asante yenye idadi ya waliohudhuria. Barua hiyo ndiyo mtakayoambatanisha mkiomba kibali cha kata inayofuata. Fedha ikibaki, ianze na nyuzi na mafuta ya vali. Fulana za kikundi zingoje.